Hesabu ya Seminari Niliyoikosea

Njoro, Jumamosi alasiri

Mwanangu Tadeo,

Barua hii haitapita posta wala haitabandikwa stempu. Nitaitia ndani ya sanduku lako, chini ya lile shati jeupe, nawe utaikuta utakapolifungua huko Uganda. Kwa hiyo sikuulizi hali. Hali yako naijua: asubuhi umekula viazi viwili ukaacha cha tatu, na sasa umekwenda kunyolewa ili wasikuone huko hospitalini, unakokwenda kujifunza uuguzi, kama mtu aliyetoka msituni. Nami nimekaa mezani, jua likiwa bado juu, naandika mbio mbio kabla hujarudi. Mzee mzima anamficha mwanawe barua! Cheka ukitaka.

Mambo ya safari sitayagusa. Shangazi yako amekwisha kukwambia pesa uzishone ndani ya kaptula, usiteremke Eldoret kutafuta chai gari la moshi likakuacha, na usimpe mtu usiyemjua sanduku akushikie. Yote hayo ni kweli na yote utayasahau kabla ya kufika Molo.

Mimi nataka kusema habari ya ile hesabu ya seminari. Miaka minne imepita na hatujaitaja, wewe na mimi, hata siku moja. Tumekaa nyumba moja, tumekula sahani moja, tumemzika mama yako pamoja, na hatujaitaja. Kesho unaondoka, na mimi ni mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye kifua kibovu. Nisiposema leo nitasema lini?

Unajua nilivyokuwa karani, lakini hujui vizuri nilijifunza nini huko. Nilitoka kwetu Kakamega nikiwa kijana, nikaandikwa kwenye shamba la ngano na ng'ombe wa maziwa, hapa hapa Njoro, upande wa chini. Bwana wa shamba alinipa daftari, kalamu na ghala. Kila Jumamosi alisimama mlangoni na kofia yake, nami nikafungua ukurasa. Ndama akifa alisema, "Karani, ile ndama nakufa. Andika hasara." Naandika hasara. Mvua ya mawe ikipiga ngano, "Andika hasara." Jembe likivunjika, hasara. Miaka tisa, mwanangu. Mkono ukizoea neno hauulizi tena kichwa.

Halafu Padre Mkuu wa seminari akatafuta mtu anayejua kuandika na asiyekunywa pombe, tukahamia huko, mimi, mama yako, na wewe ukiwa na miaka minane umebeba kuku mmoja kwapani. Nakumbuka ulivyosimama kwenye lango ukauliza, "Baba, hii yote ni kanisa?" Majengo hayakuwa makubwa, ni bweni moja la mbao, darasa moja, kanisa dogo, jiko na ng'ombe wanne. Lakini kwetu tuliotoka kwenye vibanda vya shamba ilikuwa mbingu yenye mabati. Hapo watoto wa miaka kumi na miwili na zaidi walifundishwa Kilatini na kuimba na kunyamaza, ili siku moja wawe mapadre, watu weusi kama sisi, wasimame altareni. Nani kati yetu hakuitaka siku hiyo?

Ulipotimiza miaka kumi na mitatu ukaingia. Hatukukulazimisha, hilo angalau naweza kulisema bila kuinamisha uso. Lakini hatukukuuliza mara mbili.

Sheria ya mle ndani unaikumbuka. Mseminari hana baba wala mama kwenye kiwanja. Miaka sita ulipita mbele ya dirisha langu na wenzako mkiwa mstari mmoja, ukanisalimu, "Shikamoo, Karani." Nami nikaitikia, "Marahaba." Mama yako alikuwa akianika nguo saa ile ile kila siku, hata siku ambazo hakuna nguo za kuanika, ili akuone ukipita. Mara moja nilimkuta anaanika gunia tupu. Nilimgombeza. Nilimwambia anatuaibisha. Hivi leo ningetoa ng'ombe nimwone anaanika lile gunia.

Na huku nje mimi nilikuwa nimepanda cheo. Watu wa mashamba walianza kuniita Baba Padre. Hukuwa hata umeota ndevu, mimi tayari ni Baba Padre! Jumapili walinipisha benchi la mbele. Wanawake walioleta viazi na kuku, sadaka ya seminari ya kila Jumapili ya kwanza, walisimama kwangu kwanza wakasema, "Baba Padre, tuombee." Nilikataa kwa mdomo, moyoni nikavimba. Sifa ya bure ni tamu, Tadeo, na haina mfupa, unaimeza yote.

Ndiyo maana siku ile baada ya Pasaka, ulipokuja jikoni ukiwa na kifurushi chako ukasema, "Baba, mimi sina wito," sikusikia maneno yako. Nilisikia benchi likisogezwa.

Unajua nilichofanya. Sikukupiga. Afadhali ningekupiga kofi moja, tukalia, yakaisha. Nilikwenda ofisini, nikafungua daftari la wanafunzi, nikachukua rula na wino mwekundu. Ndiyo ilikuwa desturi: anayetoka, jina lake linapigwa mstari, na tangu hapo halitajwi mezani wala katika sala za jioni. Nilikuwa nimewapiga wengi mistari. Lakini wale wengine nilingoja Padre Mkuu aniambie. Wewe sikungoja. Namba hamsini na mbili. Nilivuta mstari umenyooka vizuri, nikapuliza wino ukauke. Kisha nikakaa majuma matatu bila kusema na wewe, nikikupita ndani ya nyumba kama kiti.

Mama yako akaniambia, "Muulize kwa nini ametoka. Muulize tu." Nikamjibu, "Nitamuuliza nini? Amekwisha toka."

Sikukuuliza. Mpaka leo sijakuuliza. Hilo nalijua, nawe unajua kwamba nalijua.

Mwezi wa saba ndipo alipokuja yule padre mgeni aliyetumwa na Askofu. Pesa zilikuwa zimekauka. Ilikuwa mwanzo wa ile Hali ya Hatari, askari wako barabarani, watu wanapekuliwa, sadaka za mashamba zimekwisha kwa sababu watoaji wenyewe walikuwa wanahamishwa. Askofu alitaka kujua kama seminari hii ndogo inastahili gharama yake. Swali la haki kabisa. Mgeni alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Alinipa karatasi iliyochorwa safu. Jina. Miaka aliyokaa. Gharama. Na safu ya mwisho, Matokeo. Nikamuuliza, "Padre, hapa kwenye matokeo niandike nini?" Akasema, "Andika ulivyoona wewe, Mzee. Wewe umekaa nao."

Sikia hapo, mwanangu. Hakuniambia neno la kuandika. Alinipa nafasi tupu na imani yake. Majina yalikuwa tisini na moja. Waliofika kuwa mapadre ni wanne. Mbele ya hao wanne niliandika Padre. Mbele ya wengine wote, niliowajua tangu wakilia usiku wao wa kwanza bwenini, niliandika neno la ndama. Hasara. Hasara. Hasara. Mkono ulikuwa unajua njia.

Hata wale watatu ambao wazazi wao walipakiwa kwenye malori wakarudishwa kwao Kikuyu, nao wakatolewa bwenini asubuhi na kupandishwa kwenye lori lile lile wakiwa na sare zetu. Hasara. Kana kwamba walirukia lori kwa hiari yao. Hata yule aliyekufa kwa kichomi. Hasara!

Kisha nikachukua gharama yote ya miaka yote, ngano, mablanketi, vitabu, mabati, nikaigawanya kwa wale wanne peke yao. Padre mmoja akatokea na bei ya trekta. Nikapendezwa sana. Nikaandika juu ya ukurasa: "Kwa gharama ya padre mmoja, misheni ingeweza kununua trekta." Nilijiona bingwa. Wala sikuandika kwamba namba zote tisini na moja zilizoshonwa kwenye mablanketi kwa uzi mwekundu alizishona mama yako, bila senti, taa ikimharibu macho. Sikuandika wale wanawake na viazi vyao. Sikuandika lile gunia tupu kwenye kamba. Sikuona safu yake.

Ilibaki kunakili. Mgeni alitaka nakala tatu safi: moja ya Askofu, moja yake, moja ya seminari. Na mwandiko mzuri kuliko wote hapa ulikuwa wako. Bruda aliyewasimamia bwenini alisema mwenyewe.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye jambo lenyewe, na nimesimamisha kalamu mara mbili. Ungeweza kudhani kwamba nilikupa ile kazi bila kufikiri. Watu wangenisamehe kwa hilo. Sivyo. Nilikupa kwa makusudi. Nilitaka uione. Nilitaka uandike jina lako kwa mkono wako, na mbele yake uandike lile neno, mara tatu. Mimi baba yako nililitaka hilo.

Ulikaa pale pale nilipokaa mimi sasa. Siku mbili. Mama yako alipita nyuma yako akileta chai, na wewe ukafunika karatasi na kiganja. Siku ya pili jioni ukaniletea, umezipanga vizuri, ukasema, "Nimemaliza, Baba." Basi. Nilikutazama usoni nikitafuta kama umeumia, na kwa sababu nilikuwa nakutazama wewe sikuzitazama karatasi. Nikatia sahihi chini, moja, mbili, tatu, kama mtu anayemeza kwinini. Mimi, karani wa miaka ishirini, niliyewafundisha wengine kwamba karani haweki sahihi kwenye kitu asichokisoma! Nikazikunja. Rasimu yangu nikaitia jikoni, ikawasha moto wa ugali.

Mwezi wa kumi na mbili mgeni akarudi na barua ya kuifunga seminari. Alinikuta ghalani. Maneno yake niliyashika bila kuyaelewa. Alisema, "Mzee, Askofu ameisoma hesabu yako. Imemgusa. Lakini hana pesa za kungoja." Nikajiuliza, kungoja nini? Halafu akavua miwani akaifuta, akasema, "Na huyu wa hamsini na mbili ni nani? Alifanya nini?"

Nikasema, "Ni mwanangu, Padre. Alitoka tu."

Akavaa miwani, akavaa kofia yake, akaenda zake. Nilidhani ananihurumia kwa kuwa na mtoto wa namna hiyo. Ujinga wangu ulikuwa mkubwa, Tadeo.

Wakaniacha mimi mlinzi wa nyumba tupu. Wewe ukapata kibarua kwenye ghala la ngano hapo stesheni, ukarudi jioni na unga kwenye nyusi. Mwaka uliofuata wakaniambia niuze vitanda. Nilivipakia kwenye mkokoteni mpaka Njoro mjini na lori mpaka Nakuru, nikavipanga karibu na soko. Hili sijapata kukusimulia. Siku ya kwanza akaja kijana mrefu amevaa koti la mvua, akazunguka vile vitanda, akachuchumaa kwenye kimoja akakiangalia mguu. Akacheka.

"Mzee Karani! Hii kitanda ni yangu. Angalia hapa, nilichonga na kisu. G. Bruda alinichapa sana hiyo siku."

Alikuwa Gabrieli, yule mtoto wa Molo, namba thelathini na moja, aliyefukuzwa kwa kuiba sukari ya mapadre. Nikamuuliza anafanya nini siku hizi. Akasema anafundisha kusoma kule Bondeni, jioni, katika chumba alichokodi. Wanafunzi wake ni kina mama wauza mboga na watu wa reli. "Wengine wanakuja na watoto, watoto wanalala chini kwa simiti. Ndio nataka hivi vitanda. Utanipunguzia?" Akataka vinne. Tukapatana. Alipokuwa anafunga kamba akaniuliza bila kunitazama, "Nasikia Askofu alitaka jua kila mtu alikuwa nini. Mimi uliniandika nini, Mzee?"

Nikasema, "Nilikuandika vizuri."

"Ukweli?"

"Vizuri kabisa."

Akafurahi, mwanangu. Mtu mzima mwenye ndevu, alifurahi mpaka akanipa mikono yote miwili. Nami nikarudi Njoro na uongo wangu, sikula siku ile. Sisemi wote walikuwa kama Gabrieli. Jioni ile ile, pale pale Nakuru, nilimwona mwenzake mmoja amelala kwenye mtaro, amelewa, viatu vimeibwa. Huyo naye alikuwa akiimba Kyrie mpaka ng'ombe wananyamaza. Sijui ningemwandika nini. Lakini nilijua kwa hakika kwamba neno nililomwandika silo, maana nilimwinua, na ndama aliyekufa huwezi kumwinua.

Halafu mama yako akaugua.

Huko sitakaa sana, ulikuwapo, na ulikuwapo kuliko mimi. Miezi minne. Mimi nilikuwa mwanamume wa kusimama mlangoni. Niliuliza, "Amekula?" nikaenda kuangalia mabati yasiyohitaji kuangaliwa. Wewe uliacha kazi ya ghala. Wewe ulimgeuza kila baada ya muda ili mgongo usioze, ukamwosha kwa maji ya uvuguvugu, ukampa uji kijiko kwa kijiko na kumpangusa kidevu. Watu wakanong'ona kwamba mtoto wa kiume hamwoshi mama yake, ni mwiko, aitwe dada yangu. Dada yangu alikuja, akakuona unavyofanya, akarudi jikoni akasema, "Mimi siwezi kufanya hivyo. Mwacheni." Ulimfunika shuka kila mahali ila pale unapoosha, ukageuza uso wako pembeni, ukamwimbia polepole ili asione haya. Nikakuuliza siku moja, nikiwa pale mlangoni pangu, "Haya yote ulijifunza wapi?"

Ukasema, "Kwa Bruda, Baba. Tulikuwa na zamu ya wagonjwa. Yule wa kichomi nilimwosha mimi."

Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi. Miaka kumi na moja nimekaa mle ndani na daftari, nikihesabu vipande vya sabuni, na sikujua sabuni zinakwenda wapi.

Juma lake la mwisho mama yako aliniita nikae kitandani. Hakuwa na sauti, ilibidi niiname. Akasema, "Baba Tadeo. Ile hesabu uliikosea." Nikajifanya sielewi. Akasema tena, "Uliikosea. Irudie." Kisha akaomba maji. Sijui alijuaje. Sijui kama ulimwambia, au aliona chini ya kiganja chako siku ile ya chai. Nilimwambia, "Nitairudia." Na sikuirudia. Tulimzika nyuma ya kanisa, padre hakuweza kufika siku ile kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa, ukasimama wewe ukasoma sala zote kwa ajili yake, na sauti yako haikutetemeka hata mara moja mpaka ulipofika kwenye jina lake. Usiku ule nilitaka kukuambia. Nikakuambia nini? Nikakuambia ufunge kuku.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amezaliwa, ameota meno.

Jumanne iliyopita, kama unavyojua, wamenitaka nikabidhi funguo. Majengo yamepata wapangaji wengine. Nikafungua ghala kutoa vilivyobaki, na chini kabisa nikakuta lile sanduku la bati, na ndani yake nakala ya tatu, ile ya seminari, jinsi nilivyoikunja. Nikasema, basi, nitimize ahadi ya marehemu. Nitairudia hesabu, hata kama hakuna atakayeisoma. Nikaketi juu ya gunia, nikaifungua.

Namba moja, Padre. Namba mbili: Bado.

Nilidhani macho yamechoka. Namba tatu, Bado. Nne, Bado. Nikaenda mlangoni kwenye mwanga. Mwandiko wako, wino wako, ule mkia mrefu wa herufi zako. Wale watatu wa lori: Bado. Aliyekufa kwa kichomi hukumwandika Bado, uliandika, "Alikufa akiwa anaimba." Gabrieli, namba thelathini na moja, mwizi wa sukari: Bado. Nikashuka na kidole, ukurasa wa kwanza mpaka mwisho. Neno langu ulilikataa. Mwanafunzi wa miaka kumi na tisa, aliyetoka juzi, alikaa kwenye meza ya baba yake siku mbili akawafuta hasara watu themanini na zaidi, mmoja baada ya mwingine, mara tatu, akijua kwamba baba akisoma atamfukuza nyumbani.

Mmoja tu ndiye hukumfutia. Namba hamsini na mbili. Tadeo. Miaka sita. Matokeo: Hasara.

Nililia, mwanangu. Nakwambia waziwazi kwa sababu sijawahi kukuambia lolote waziwazi. Nililia pale ghalani mpaka mbwa akaja kuangalia. Nilielewa yule mgeni alikuwa anauliza nini. Nilielewa Askofu hakuwa na pesa za kungoja nini. Nilielewa kwamba ule uongo niliompa Gabrieli ulikuwa kweli tangu kabla sijausema, na aliyeufanya kweli ni wewe. Wote uliwatetea. Mbele yangu mwenyewe hukujitetea. Ulichukua hukumu ya baba yako ukaiandika kwa mwandiko mzuri, kwa sababu baba ndiye aliyesema.

Na miaka minne hii yote umekaa na neno hilo kifuani, ukanisalimu kila asubuhi.

Sikuombi uniambie kesho stesheni kwamba umenisamehe. Watu watakuwa wengi, shangazi yako atakuwa analia kwa kelele kama kawaida yake, nami nitasema upuuzi juu ya sanduku. Ila kuna jambo moja nakuuliza, ambalo mama yako aliniambia niulize na sikuuliza. Kwa nini ulitoka? Niandikie ukipata nafasi. Kama jibu ni refu, liwe refu. Kama hutaki, usiandike. Siulizi kama karani.

Seminari ile iligharimu nini, na ilileta nini? Bado watu huniuliza, hasa wale waliotoa kuku. Zamani nilikuwa na jibu la trekta. Sasa nawaambia sijui, na wananiona nimezeeka. Iligharimu zaidi ya nilivyoandika, hilo najua. Ilimgharimu mama yako miaka sita ya mtoto wake akipita mbele ya kamba ya nguo. Na ilileta vitu ambavyo sikuwa na safu ya kuvitia. Usinisikie kama mtu anayesema basi ilikuwa sawa. Haikuwa sawa. Wewe ulilipa, sisi tukatia sahihi.

Nakusikia langoni, unasalimiana na jirani. Sauti yako imebadilika ukinyolewa, au ni masikio yangu. Namaliza.

Ukurasa wenye jina lako nimeuweka ndani ya barua hii. Ni wako. Mbele ya jina lako nimekata neno langu kwa rula na wino mwekundu, wino ule ule, ulikuwa umebaki kidogo chini ya chupa nikautia maji. Nilitaka kuandika Bado, kama ulivyowaandikia wenzako. Nikaona haifai. Bado huandikiwa mtu ambaye hujaona alichofanya, na mimi nilisimama mlangoni miezi minne nikaona.

Kwa hiyo nimeandika hivi. Namba hamsini na mbili. Tadeo. Miaka sita. Matokeo: Alimwosha mama yake mpaka siku ya mwisho.

Na safari hii nimesoma kabla ya kutia sahihi.

Baba yako,
Anselmo